Mama wa Nyumbani Aliye Hewani

Kuna mwaka mmoja nililipa kodi ya nyumba kwa kusikiliza Wamarekani wakigombana. Kibarua chenyewe kilikuwa cha kunakili sauti. Unatumiwa faili mtandaoni, unavaa hedifoni, unaandika kila neno lililosemwa, halafu unalipwa kwa kila dakika ya sauti. Faili nyingi zilizoniangukia zilikuwa vipindi vya redio vya siasa za kihafidhina, vile ambavyo mtangazaji huongea saa tatu mfululizo na wasikilizaji hupiga simu kumwambia amesema kweli.

Watangazaji wa kiume waliingia hewani kama mtu anayeingia kwake. Wa kike walipiga hodi kwanza. Kabla ya kugusa ushuru, mipaka au bunduki, kulikuwa na sentensi moja ya kupitia: mimi ni mama wa watoto kadhaa, nimeolewa miaka kadhaa, asubuhi nimewaacha watoto wamekula. Baada ya hapo ndiyo vita vianze. Niliiandika sentensi hiyo mara nyingi mpaka vidole vikaizoea, na swali likanibakia. Huyu mtu analipwa kuongea siasa, na anaongea vizuri kuliko wengi. Mbona lazima aonyeshe kitambulisho cha jikoni kabla ya kufunguliwa mlango?

Jibu la haraka ni kwamba ni unafiki: mwanamke anawasifia wenzake maisha ya nyumbani huku yeye mwenyewe yuko studio. Jibu hilo limetolewa kwa zaidi ya miaka 50 na sijaona likimtoa yeyote hewani. Mimi nimeona heri niisome stori hii kama stori ya kazi. Waliingiaje? Waliuza nini? Chombo kilikuwa cha nani? Na bili, mwishowe, ilimwendea nani?

*

Twende kwanza Alton, mji mdogo wa jimbo la Illinois kando ya mto Mississippi, si mbali na St. Louis. Hapo ndipo alipoishi Phyllis Schlafly, mke wa wakili na mama wa watoto sita.

Alizaliwa St. Louis mwaka wa 1924. Baba yake alipopoteza kazi wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, mama yake ndiye aliyeishika familia, akifanya kazi ya ukutubi. Phyllis mwenyewe alijilipia karo ya chuo wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kwa kufanya zamu za usiku katika kiwanda cha risasi, akifyatua bunduki kupima kama risasi ziko sawa. Mchana darasani, usiku kwenye mtutu. Mwaka wa 1945 alipata shahada ya uzamili katika chuo cha Radcliffe. Mwaka wa 1952 aligombea kiti cha Congress akaanguka, na mwaka wa 1970 akajaribu tena, akaanguka tena.

Huyo ndiye aliyekuja kujulikana kote Marekani kama sauti ya mama wa nyumbani. Ukweli usemwe: alikuwa mama wa nyumbani kama vile mwenye kinu cha unga alivyo mkulima. Anaijua bidhaa, anaishi kwayo, lakini kazi yake ni nyingine.

Mwaka wa 1964 alijichapishia kitabu kidogo, A Choice Not an Echo, cha kumpigia debe Barry Goldwater, mgombea urais wa Republican. Kitabu kiliuzwa mamilioni ya nakala. Goldwater alishindwa vibaya, na miaka mitatu baadaye, Schlafly alipotaka urais wa shirikisho la wanawake wa chama hicho, wakubwa waliokuwa bado wanauguza kidonda cha Goldwater walihakikisha hapati. Wengi wangerudi nyumbani wakanyamaza. Yeye aliwageukia wanawake waliomuunga mkono na, mwaka huohuo wa 1967, akaanza jarida lake mwenyewe, Phyllis Schlafly Report.

Nataka tusimame hapa kidogo, maana hapa ndipo kila kitu kinapoanzia. Jarida lilikuwa la kurasa nne. Halikuhitaji mhariri wa kiume, halikuhitaji baraka za chama, halikuhitaji kampuni ya kutoa matangazo. Lilihitaji stempu na orodha ya anwani. Alikuwa amefungiwa mlango wa nyumba ya watu, akajenga kibanda chake kando ya barabara.

Mwezi wa Machi 1972, Seneti ya Marekani ilipitisha Marekebisho ya Haki Sawa, kifungu cha kuingiza kwenye katiba kwamba haki mbele ya sheria hazitapunguzwa kwa sababu ya jinsia. Ili kiwe sheria, majimbo 38 kati ya 50 yalipaswa kukiidhinisha. Katika muda wa mwaka mmoja hivi, 30 yalikuwa yameshakubali. Kila mtu alidhani mambo yamekwisha. Lakini toleo la Februari 1972 la kale kajarida lilikuwa limeshawafikia wanawake nyumbani mwao, likiwaambia kwamba usawa huo utawapokonya walichonacho: watoto wao wa kike wataandikishwa jeshini kwa lazima, na mume hatalazimika tena kisheria kumtunza mkewe.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hoja hiyo ilikuwa na mzizi. Mwanamke wa miaka 50 ambaye hajawahi kuajiriwa, ambaye uzee wake wote umefungwa kwenye mshahara wa mume, ukimwambia sheria ya ndoa inabadilishwa ana sababu ya kushtuka. Wanaharakati wengi wa haki za wanawake wa wakati huo walikuwa wasomi wa mijini, na hawakuwa na jibu la haraka kwa mwanamke huyo. Schlafly alikuwa nalo, na alilituma kwa posta. Wafuasi wake walibeba mikate waliyooka wenyewe na jemu waliyopika wenyewe hadi bunge la Illinois, wakawagawia waheshimiwa. Tarehe 30 Juni 1982 muda ulipokwisha, majimbo yaliyoidhinisha yalikuwa 35. Yalihitajika matatu tu.

Katika miaka hiyo yote alizunguka nchi akihutubia, na alipenda kuanza hotuba kwa kumshukuru mume wake, Fred, kwa kumruhusu kuja. Mwenyewe alikiri kwamba alipenda kusema hivyo kwa sababu wapinzani wake walikasirika. Walikasirika kwelikweli. Betty Friedan, katika mdahalo wa mwaka wa 1973, alimwambia angependa kumchoma moto. Ukumbi ukivuma, Schlafly alikuwa ameshashinda: yeye ametulia, amevaa vizuri, anatabasamu, na mwenzake ndiye anayepiga kelele.

Basi hiyo ndiyo asili ya ile sentensi ya kwenye hedifoni. Kwa msikilizaji wa kihafidhina, ilimhakikishia kwamba huyu mwanamke hajaasi. Kwa mpinzani, ilikuwa chambo. Na kwa mwenyewe ilikuwa leseni ya kazi. Akishaisema, anaweza kuzungumzia makombora ya nyuklia kwa saa nzima na hakuna atakayemuuliza jikoni kuna nani.

*

Schlafly alikuwa pia mtu wa redio. Kuanzia 1973 hadi 1978 alisoma maoni yake kwenye kipindi cha CBS kilichoitwa Spectrum, na kuanzia miaka ya 80 alikuwa na maoni ya kila siku yaliyorushwa na vituo vingi nchini. Ila kuna sehemu moja ya stori yake ya redio ambayo husahaulika, na inabadilisha namna tunavyoielewa historia hii yote.

Tangu 1949, tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilikuwa na kanuni ya usawa hewani. Kituo cha redio au televisheni kilitakiwa kizungumzie mambo yanayobishaniwa na jamii, na kikishafanya hivyo kitoe nafasi kwa maoni ya upande mwingine. Mwaka wa 1969 Mahakama ya Juu iliunga mkono kanuni hiyo katika kesi ya Red Lion, iliyoanza pale mhubiri mmoja wa mrengo wa kulia alipomshambulia mwandishi wa habari redioni na mwandishi akadai nafasi ya kujibu.

Ukisoma historia ya haraka haraka, utaambiwa wahafidhina waliichukia kanuni hii mpaka Reagan akaja kuwaokoa. Lakini Schlafly na wanawake wake waliitumia kama panga. Kituo kikirusha maoni ya kuunga mkono Marekebisho ya Haki Sawa, wao walikuwa wanadai dakika zao za kupinga. Hawakuwa na pesa za kununua muda hewani, ila walikuwa na kanuni. Ndiyo maana mwaka wa 1987, Congress ilipotaka kuifanya kanuni hiyo kuwa sheria kamili, Schlafly alikuwa miongoni mwa wahafidhina walioitetea. Reagan alikataa kutia sahihi mwezi wa Juni. Mwezi wa Agosti, FCC ikaifuta.

Fikiria hilo. Redio ya mazungumzo ya kihafidhina tunayoijua leo ilizaliwa kwenye kaburi la kanuni ambayo mama yake mzazi aliipigania. Nadhani alikuwa na sababu nzuri. Mtu asiye na ufunguo ndiye anayejua thamani ya sheria inayolazimisha mlango ufunguliwe. Sheria hiyo ikiondoka, mlango unabaki kwa mwenye nyumba.

Na wenye nyumba walikuwa na shida yao. Kufikia mwisho wa miaka ya 70, muziki ulikuwa umehamia FM, kwenye sauti safi. Vituo vya AM vilibaki na mitambo mikubwa, sauti ya mikwaruzo na wasikilizaji wanaozeeka. Walihitaji kitu cha bei rahisi ambacho hakiharibiki kwa sauti mbaya. Kuongea ni bei rahisi. Agosti 1988, Rush Limbaugh, ambaye aliacha chuo baada ya mwaka mmoja (sisi wa kundi hilo tunaangaliana kwa jicho la kando), alianza kipindi cha nchi nzima kutoka WABC, New York, kwenye vituo 56. Vituo vilipewa kipindi, na kwa upande wao viliachia dakika za matangazo ya biashara ambazo msambazaji aliuza mwenyewe. Katika miaka michache vituo vikawa mamia.

Limbaugh ndiye aliyelieneza neno "feminazi", la kuwachora watetezi wa haki za wanawake kama wafuasi wa Hitler. Wasikilizaji wa vipindi vya namna hii walikuwa wanaume wengi kuliko wanawake. Novemba 1994, Republican walipolichukua Bunge la Wawakilishi kwa mara ya kwanza baada ya miaka 40, wabunge wapya walimfanya Limbaugh mwanachama wao wa heshima. Wabunge wapya wa kike walimpa kibao cha shukrani, na mmoja wao, Barbara Cubin wa Wyoming, akamhakikishia kwamba kati yao hakuna "feminazi" hata mmoja. Hiyo ndiyo nyumba ambayo wanawake wa kizazi kilichofuata waliingia kutafuta kazi. Hodi ilikuwa imeshaandikwa, na wao walijaza jina tu.

*

Laura Schlessinger aliingia kwa simu. Hii si fumbo. Alikuwa na shahada ya uzamivu ya fiziolojia kutoka Columbia, na katikati ya miaka ya 70 alipiga simu kama msikilizaji wa kawaida kwenye kipindi cha mtangazaji mmoja wa Los Angeles, Bill Ballance. Ballance aliipenda ile sauti, akamwalika arudi. Ilimchukua takriban miaka 20 ya vipindi vya hapa na pale kabla kipindi chake kusambazwa nchi nzima mwaka wa 1994. Mwishoni mwa miaka ya 90 alikuwa akishindana na Limbaugh mwenyewe kileleni.

Hakuwa anachambua bajeti. Watu walipiga simu na matatizo yao ya ndoa na watoto, naye akawakaripia. Lakini somo lilikuwa siasa tupu: usiishi na mwanamume kabla ya ndoa, usimwachie yaya mtoto, acha kujionea huruma. Alikuwa akijitambulisha hewani kwanza kama mama wa mwanawe. Mtu aliyejenga mojawapo ya biashara kubwa za redio Marekani alianza kila siku kwa kutaja cheo kimoja tu, umama.

Laura Ingraham alipita mlango mwingine. Mama yake alikuwa mhudumu wa mkahawa huko Connecticut. Binti alienda Dartmouth, akahariri gazeti la wanafunzi wa mrengo wa kulia, akaandika hotuba katika serikali ya Reagan, akasomea sheria, akawa karani wa jaji Clarence Thomas katika Mahakama ya Juu. Mwaka wa 1995 picha yake ilitokea kwenye jalada la jarida la New York Times, amevaa sketi fupi ya madoa ya chui, kama sura ya kizazi kipya cha wahafidhina. Huyo hakupiga hodi ya jikoni. Alipiga hodi ya cheti. Mwaka wa 2001 akapata kipindi chake cha redio cha nchi nzima, na mwaka wa 2017 kipindi cha usiku kwenye Fox News.

Kilichowafaa wote wawili ni sheria ya mawasiliano ya 1996, iliyoondoa kikomo cha idadi ya vituo ambavyo kampuni moja inaweza kumiliki nchi nzima. Clear Channel ilipanda kutoka vituo takriban 40 hadi karibu 1,200. Kampuni yenye vituo vingi hivyo haina haja ya mtangazaji wa kila mji, inahitaji sauti chache za kurushwa kila mahali. Kwa walioingia kwenye orodha hiyo ya wachache, pesa zilikuwa nyingi sana. Kwa mwanamke wa mji mdogo aliyekuwa na kipindi chake cha asubuhi, mlango uliokuwa wazi kidogo ukafungwa.

*

Halafu intaneti ikaja, na kile kibanda cha Schlafly kando ya barabara kikawezekana tena.

Michelle Malkin, mzaliwa wa Philadelphia mwaka wa 1970, binti wa wahamiaji kutoka Ufilipino, alikuwa mwandishi wa magazeti Los Angeles na Seattle kabla ya kufungua blogu yake Juni 2004. Mwaka wa 2006 alianzisha tovuti ya Hot Air, akaiuza mwaka wa 2010 kwa kampuni ya Salem, wamiliki wa redio za Kikristo na za kihafidhina. Mwaka wa 2012 akaanzisha Twitchy, iliyokusanya na kuchambua yanayosemwa Twitter, nayo akaiuza kwa Salem mwishoni mwa 2013. Katika wanawake wote wa stori hii, ndiye aliyeelewa vizuri zaidi kwamba maneno ni bidhaa na tovuti ni duka, na kwamba duka huuzwa likiwa bado limejaa wateja.

Lakini tuangalie lililokuwa kwenye rafu. Mwaka huohuo wa 2004 alitoa kitabu cha kutetea uamuzi wa serikali ya Marekani wa kuwafungia kambini watu takriban 120,000 wa asili ya Japani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wengi wao wakiwa raia. Wanahistoria waliobobea katika somo hilo walikipinga vikali. Binti wa wahamiaji kutoka Asia akieleza kwa nini ilikuwa sawa kuwafunga wahamiaji wa Asia na watoto wao: ushuhuda kama huo una bei ambayo mzungu wa kiume hawezi kuidai, maana akisema yeye, utaitwa ubaguzi mara moja. Hapo leseni iliuzwa upya. Zamani ilikuwa "mimi ni mama". Sasa ikawa "mimi ni mmoja wao".

Dana Loesch aliirudisha ile ya kwanza. Naye ni wa St. Louis, upande wa pili wa mto kutoka kwa Schlafly. Aliacha chuo alipoanza familia, akakaa nyumbani na mtoto, akafungua blogu ya umama aliyoiita Mamalogues. Aliandika kuhusu nepi na usingizi mpaka gazeti la mji likampa safu. Mwaka wa 2008 akapata kipindi cha redio kwenye kituo cha FM cha St. Louis. Februari 2009 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Tea Party ya mji huo, lile vuguvugu la kupinga ushuru na matumizi ya serikali ya Obama, ambalo lilivuta wanawake wengi ambao hawakuwahi kusimama jukwaani. Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi: uhariri katika tovuti za Breitbart, kipindi cha redio cha nchi nzima, na mwaka wa 2017 usemaji wa chama cha wamiliki wa bunduki, NRA.

Nakiri huyu ananigusa. Ninajua ilivyo kukaa na kompyuta ya mitumba usiku, huna digrii, unaandika kitu ukitumaini kuna mtu atakilipia. Siasa zake sizikubali hata kidogo. Lakini nikisoma alivyopanda, kutoka blogu ya nepi hadi kipaza sauti cha nchi nzima, naona mtu aliyetumia mlango pekee aliokuwa nao. Umama ndio uliokuwa mtaji wake. Upande wa kushoto ulikuwa na wanablogu wengi wenye vyeti. Upande wa kulia ulikuwa na uhaba wa wanawake na ulikuwa tayari kulipa.

*

Sasa bili.

Sehemu ya kwanza iliwaendea wasikilizaji. Agosti 2010, mwanamke mweusi alipiga simu kwa Schlessinger. Ameolewa na mzungu, na marafiki wa mume wanasema maneno ya kibaguzi mbele yake, afanyeje? Schlessinger alimwambia ana wepesi wa kuumia, kisha akalitamka tusi kubwa kuliko yote dhidi ya watu weusi, tena na tena, mara 11. Alitaka kuonyesha kwamba wachekeshaji weusi hulitumia. Siku chache baadaye alitangaza ataondoka redioni mwisho wa mwaka, na mwaka wa 2011 akahamia redio ya satelaiti, ambako kituo hakitegemei kampuni za matangazo kwa namna ileile. Nimelifikiria sana tukio hilo. Yeye mwenyewe aliingia kwenye kazi hii kwa simu ya msikilizaji, na mtu wa upande wa pili alimsikiliza. Miaka 35 baadaye mwanamke mwingine alipiga simu akihitaji msaada, na hakusikilizwa.

Sehemu ya pili iliwaendea wenyewe. Mwaka wa 2012 Loesch alilazimika kwenda mahakamani kupigania kuachiliwa na Breitbart. Mwaka wa 2019 NRA ilizima runinga yake ya mtandaoni na usemaji wake ukaisha. Novemba mwaka huo, shirika la vijana wa kihafidhina lililokuwa likimpeleka Malkin kuhutubia vyuoni lilimkatia kamba, kwa kuwaunga mkono vijana wa mrengo wa kulia zaidi ambao hata wahafidhina wenzake waliwakimbia. Alikuwa ameshauza tovuti zake zote mbili. Mtu aliyekuwa na maduka mawili alibaki na jina lake.

Hata Schlafly hakuponea. Machi 2016, akiwa na miaka 91, alimuunga mkono Donald Trump. Mwezi uliofuata, wajumbe sita wa bodi ya Eagle Forum, shirika alilolianzisha mwenyewe, walimgeuka. Mmoja wao alikuwa binti yake wa kumzaa. Kesi ikaenda mahakamani, na miongoni mwa mambo yaliyogombaniwa ni nani mwenye udhibiti wa shirika na mali zake. Schlafly alikufa tarehe 5 Septemba mwaka huo, ugomvi haujaisha. Kitabu chake cha kumtetea Trump kilitoka siku iliyofuata. Trump alikuja kuhutubia mazishi huko St. Louis, miezi miwili kabla ya kushinda urais.

Na kiti chenyewe, kile kikubwa? Limbaugh alikufa Februari 2021. Kwa zaidi ya miaka 30, saa sita mchana ilikuwa yake. Kulikuwa na wanawake waliokuwa wamefanya kazi hii kwa miongo, wenye sauti, wasikilizaji na makovu. Mwezi wa Juni kampuni iliyokuwa ikisambaza kipindi chake iliwapa saa hizo wanaume wawili, Clay Travis na Buck Sexton. Loesch wakati huo alikuwa akitangaza saa hizohizo, kwa kampuni nyingine.

Sijui kama nimsikitikie yeyote hapa. Hawa ni wanawake waliopata riziki nzuri, wengine utajiri, kwa kusema mambo yaliyofanya maisha ya watu wengine, hasa wanawake wengine, yawe magumu. Wanawake wa majimbo 15 ambayo hayakuidhinisha hawakuulizwa mmoja mmoja kama mkate na jemu vilikuwa sawa na haki waliyoikosa. Lakini nikiziweka hesabu zote mezani, naona waliolipia hodi yao kwa bei kubwa zaidi ni walioamini kwamba wakishaingia watakuwa wenyeji.

Siku hizi sinakili tena sauti, mashine imechukua kibarua hicho. Faili ya mwisho ya namna hii niliyoifanya ilikuwa ya dakika 38. Mtangazaji wa kike alianza kama kawaida: watoto, miaka ya ndoa, kifungua kinywa. Halafu akatulia sekunde mbili hivi kabla ya kuingia kwenye siasa. Nilirudisha nyuma nikasikiliza tena nione kama kuna neno nimeliruka. Hakukuwa na kitu. Alikuwa anavuta pumzi.